Ushahidi Bila Shahidi: Uhakiki wa Maandishi ya Tiba Yaliyotoka Mathari

1. Utangulizi

Uhakiki katika Kiswahili umezoea kushughulikia tenzi, riwaya na tamthilia. Ripoti ya daktari, jedwali la hospitali na tangazo la serikali kuhusu dawa mpya huachiwa wataalamu wa tiba, kana kwamba maandishi hayo hayana msimulizi wala hadhira. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi una hasara. Maandishi ya tiba yana mtu anayesema, yana watu wanaosemewa, na yana njia zake za kumfanya msomaji akubali. Yasipohakikiwa huweza kugeuka sera, na sera ikikosea anayeumia ni mtu ambaye hakuulizwa neno.

Mfano mkuu utakaochunguzwa ni kitabu cha J. C. Carothers, The African Mind in Health and Disease, kilichochapishwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mjini Geneva mwaka 1953, pamoja na kijitabu chake kuhusu Mau Mau kilichotolewa na serikali ya kikoloni ya Kenya mwaka uliofuata. Mzizi wa maandishi yote mawili uko katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Mfano wa pili, utakaotumiwa kwa kulinganisha, ni dawa ya Kemron iliyotangazwa katika mji huo huo mwaka 1990. Mifano hii imetengana kwa miaka karibu arobaini, na wahusika wake ni tofauti kabisa. Hata hivyo kasoro yake ni moja, na neno la Kiswahili ushahidi linaweza kuifichua.

2. Neno lenyewe

Ushahidi ni nomino iliyojengwa juu ya shahidi, neno lenye asili ya Kiarabu. Shahidi ni mtu. Ana jina, ana mahali aliposimama alipoona jambo, na aweza kuulizwa maswali. Taaluma za sayansi zilipolichukua neno hili zililipanua: vipimo vya maabara, hesabu za wagonjwa na matokeo ya majaribio huitwa ushahidi ingawa hakuna anayesimama kizimbani. Upanuzi huo si kosa, kwani kila lugha inayokua hufanya hivyo. Lakini maana ya kwanza haikufutika. Msemaji wa kawaida akiambiwa kwamba upo ushahidi kuwa dawa fulani yafaa, huuliza: nani aliyeona? Na kama amewahi kuketi katika baraza la wazee au mahakamani, huongeza swali la pili: upande wa pili umesema nini?

Maswali hayo hudhaniwa kuwa ya mtu asiyeielewa sayansi. Ukweli ni kwamba yamo ndani ya kanuni za utafiti wa tiba wenyewe. Swali la kwanza ni lile la sampuli: ni akina nani waliohesabiwa, na waliingiaje katika hesabu? Swali la pili ni lile la kundi la kulinganisha. Mtafiti anapowapa wagonjwa mia dawa na wagonjwa wengine mia kidonge kisicho na dawa, bila wao wala anayewapima kujua nani amepata kipi, anachofanya ni kumwita shahidi wa upande wa pili. Bila shahidi huyo, mgonjwa aliyepata nafuu kwa sababu nyingine yoyote atahesabiwa kuwa ameponywa na dawa. Kwa vipimo hivi viwili maandishi yaliyotajwa hapo juu yatasomwa.

3. Hospitali na bonde

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwatunza, au kwa usahihi zaidi kuwafungia, watu waliohesabiwa kuwa wendawazimu. Katika miaka ya ukoloni wagonjwa walitengwa kwa rangi, Wazungu, Waasia na Waafrika kila kundi mahali pake. Hospitali iko kando ya barabara iendayo Thika. Karibu nayo ni bonde la Mathare, ambako watu wasio na ardhi wala nyumba mjini walijijengea vibanda tangu zama za ukoloni, na ambako hadi leo maelfu kwa maelfu wanaishi katika vijiji vya mabati kandokando ya mto.

Tahajia imezitenganisha sehemu hizi mbili kwa irabu moja tu, Mathari na Mathare, na katika mazungumzo ya Wakenya irabu hiyo mara nyingi haisikiki. Kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mathare ni kumwita mwendawazimu. Hivyo mkazi wa bondeni akitaja anakotoka huweza kuchekwa kwa sababu ya hospitali ambayo pengine hajawahi kuingia. Tusi hilo ni la mitaani, lakini lina ndugu yake katika vitabu, maana jina la Mathari liliwahi kutumiwa kutoa hukumu juu ya akili za watu wa bara zima.

4. Hesabu ya Carothers

Carothers alifika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari wa serikali. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya Mathari, ingawa hakuwa amesomea tiba ya magonjwa ya akili, na aliisimamia kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wake wa Waafrika zaidi ya 500 waliopokelewa hospitalini humo kati ya 1939 na 1943. Aligawanya idadi ya waliopokelewa kwa idadi ya wenyeji wa nchi, akapata kiwango cha chini ya watu wanne kwa kila watu 100,000. Kiwango hicho kilikuwa chini mno kuliko cha Uingereza, na alikichukua kuwa dalili kwamba wazimu ni haba miongoni mwa Waafrika. Aidha, kwa kuwa wagonjwa wenye huzuni nzito isiyoondoka walikuwa wachache wodini, ilionekana kwamba maradhi hayo nayo ni nadra kwa Waafrika.

Hapa swali la kwanza linahitajika. Watu hao waliingiaje katika hesabu? Njia ya kufika Mathari ilikuwa mikononi mwa polisi, mahakimu na maafisa wa serikali. Aliyevunja dirisha la duka mjini alipelekwa. Aliyeketi kimya nyuma ya nyumba ya mama yake huko kijijini, asile wala asiseme, hakupelekwa, kwa kuwa hakumsumbua afisa yeyote. Basi jedwali hilo lilipima urefu wa mkono wa serikali kuliko lilivyopima maradhi. Kwamba wenye huzuni hawakuonekana wodini ni jambo la kutarajiwa, kwa maana huzuni haivunji madirisha.

Carothers hakuwa mjinga wa jambo hili. Alifahamu kwamba wengi waliugulia makwao. Aligundua pia kwamba wale waliofanya kazi mbali na nyumbani walionekana hospitalini kwa kiwango kikubwa kuliko waliobaki mashambani. Tafsiri nyepesi ya tofauti hiyo ni kwamba mfanyakazi wa mjini alikuwa karibu zaidi na polisi na mwajiri, na mbali zaidi na jamaa wa kumtunza. Carothers alielekea kwingine: aliiona kuwa alama ya Mwafrika anayeshindwa na uzito wa maisha mapya. Takwimu ile ile ilikuwa na maana mbili, naye akachagua iliyokubaliana na yale yaliyokwisha kuaminiwa na wasomaji wake.

Lipo pia suala la lugha. Wagonjwa wa Mathari walitoka katika makabila mengi, na kumbukumbu zao ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Nairobi aliyelemewa na huzuni husema ana mawazo mengi, au moyo wake ni mzito, au kichwa na mwili vinamuuma. Neno wazimu hatalitumia kabisa. Wazimu ni neno lililo jirani na mzimu na kuzimu; ndani yake mna nadharia nzima ya chanzo cha maradhi, na anayejua kwamba anahuzunika hana sababu ya kujiweka humo. Daktari anayetafuta maradhi kwa jina moja tu, lililoletwa kutoka lugha nyingine, atatangaza kwamba hayapo, hali mgonjwa anayataja mbele yake kwa majina matatu.

5. Tashbihi iliyogeuzwa hoja

Katika makala ya mwaka 1951, na tena katika kitabu cha 1953, Carothers alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele, upasuaji ambao zama hizo ulifanywa ili kuwatuliza wagonjwa wa akili. Mhakiki wa fasihi anaitambua mbinu hii. Ni tashbihi: kitu kimoja kimewekwa kando ya kingine kwa sababu ya sifa inayodhaniwa kuwa ya pamoja. Katika shairi tashbihi haidai zaidi ya hapo. Msomaji akiambiwa kwamba shujaa ni simba hatafuti mkia.

Katika ripoti ya daktari mambo ni tofauti. Kufanana kwa tabia, kama kulivyoonekana na mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya wale anaowatazama, kulifanywa daraja la kuvukia hadi kwenye umbo na kazi ya ubongo wenyewe. Ni kweli kwamba katika kitabu cha 1953 mwandishi alitoa nafasi kubwa kwa malezi, utamaduni, lishe duni na maradhi ya kuambukiza, na hakutegemea urithi wa damu peke yake. Haki inadai jambo hilo litajwe. Lakini tashbihi ilibaki ikifanya kazi yake, nayo ndiyo iliyokumbukwa.

Tatizo lingine la fani ni umoja wa kisarufi. Kichwa cha kitabu chasema juu ya akili ya Mwafrika, si akili za Waafrika. Mgonjwa wa Mathari, mkulima wa Nyeri, mvuvi wa Lamu na mwalimu wa Lagos wote waligeuzwa mhusika mmoja asiye na jina. Mhusika wa namna hiyo katika riwaya angeitwa bapa. Katika kitabu chenye muhuri wa shirika la kimataifa aliitwa matokeo ya sayansi.

6. Kutoka kitabu hadi amri

Kama mambo yangeishia rafuni, hasara ingekuwa ndogo. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilimtaka Carothers aeleze Mau Mau, naye akaandika The Psychology of Mau Mau. Uzito wa maelezo yake uliwekwa juu ya nafsi ya Mgikuyu aliyedaiwa kunaswa kati ya mila iliyovunjika na maisha mapya asiyoyamudu. Suala la ardhi, ambalo wapiganaji wenyewe walilitaja kila walipofungua kinywa, lilisukumwa nyuma. Kati ya mapendekezo yake ni kuwakalisha watu katika vijiji.

Sera ya vijiji haikuzaliwa na kijitabu hicho, maana ilikuwa na sababu zake za kivita. Kilichofanywa na kijitabu ni kuivisha kanzu ya utaalamu. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi. Jijini Nairobi, Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliwazoa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru. Bonde la Mathare nalo halikupona, kwani makazi yake yalibomolewa katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari. Hivyo watu walioishi jirani na hospitali walipata kuhukumiwa kwa nadharia iliyotokana na wodi zake, bila kuulizwa kama ushahidi huo ulikuwa wao.

7. Waliojibu

Majibu yalikuja mapema. T. A. Lambo, daktari wa Nigeria aliyeiongoza hospitali ya Aro huko Abeokuta, alisema katika miaka hiyo hiyo ya 1950 kwamba maandishi ya aina hii yalikuwa karibu zaidi na hadithi kuliko sayansi. Yafaa kuona kwamba hukumu hiyo, iliyotolewa na tabibu, ni hukumu ya kifasihi. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjadili Carothers mwaka 1961 katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Jibu lililo zito kuliko yote lilitoka vijijini. Mwaka 1979 Orley na Wing walichapisha uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda. Hawakungoja mgonjwa aletwe na polisi, bali waliwaendea watu majumbani na kuwauliza maswali yaliyotafsiriwa kwa Kiluganda, kisha wakalinganisha majibu na yale ya wanawake wa Camberwell, London. Huzuni ya kimaradhi ilionekana kuwa nyingi zaidi Uganda. Maradhi yaliyotangazwa kuwa nadra yalikuwapo wakati wote. Mashahidi walipopatikana makwao, na kuulizwa kwa lugha yao, ushahidi uligeuka.

8. Kemron: kosa lililobadili mavazi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kosa lilikuwa la mkoloni na kwamba liliondoka naye. Kemron yakanusha. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ikiongozwa na Davy Koech, ilitoa habari za dawa ya ukimwi: kiasi kidogo cha interferoni alfa kilichomezwa kwa kinywa. Rais Daniel arap Moi mwenyewe aliitangaza mbele ya umma. Wagonjwa wengi walielezwa kuwa wamepata nafuu ya ajabu. Kwa nchi iliyochoka kusimuliwa kuwa Afrika ndiyo chimbuko la maradhi, habari hii ilikuwa heshima iliyorudishwa, na shangwe yake yaeleweka.

Kwa kipimo cha kwanza, Kemron ilikuwa na mashahidi, tena waliosema kwa vinywa vyao. Kwa kipimo cha pili haikuwa na kitu, kwa sababu utafiti wa awali haukuwa na kundi la kulinganisha. Shahidi wa upande wa pili hakuitwa, na aliyemtafuta alionekana kuwa adui wa taifa. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali hayakuona faida. Mojawapo, lililofanywa Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 500 waliogawanywa kwa kura, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1998, lilionyesha kwamba dawa hiyo haikuwa bora kuliko kidonge kitupu.

Carothers aliaminiwa kwa sababu aliwaambia watawala walichotaka kusikia, na Kemron ikaaminiwa kwa sababu iyo hiyo. Tofauti ni kwamba wa kwanza alimfanya mgonjwa bubu, na wa pili alimpa kipaza sauti akamnyima mpinzani. Samunge, Loliondo, mwaka 2011, palikuwa na kosa hili la pili bila hata koti la maabara. Maelfu ya watu wa Tanzania, Kenya na kwingineko walipanga foleni kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania, na wengi walishuhudia kwamba wamepona. Hapakuwa na uhaba wa mashahidi. Uliokosekana ni upande wa pili.

9. Imani na historia yake

Viongozi wa afya hulalamika kwamba watu wa mitaa kama Mathare hawaamini yanayosemwa na wataalamu. Lalamiko hilo huichukulia imani kama maji ambayo mtu ama anayo ama hana. Imani ina historia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, sura ya kwanza ya sera ya afya iliyoonekana Eastlands usiku ilikuwa ya polisi wenye marungu na bunduki, wakitekeleza amri ya kutotoka nje. Mwishoni mwa Machi mwaka huo mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa rosheni, kwao Kiamaiko, kandokando ya Mathare. Chanjo ilipowasili nchini Machi 2021, aliyeileta alikuwa serikali iyo hiyo. Mtu aliyesitasita hakuwa lazima anaikataa sayansi. Pengine alikuwa akimkumbuka mjumbe.

Maneno nayo yalichangia. Dawa katika Kiswahili ni ya mgonjwa, ya panya, ya viatu na ya mapenzi, na neno lenyewe halisemi kama kimejaribiwa au la. Majaribio yanasikika kama kitu anachofanyiwa mtu bila hiari yake, hasa mahali ambapo watu wamezoea kuhesabiwa na kuchunguzwa na wageni wasiorudi kuwaeleza walichokipata. Kazi ya idara za lugha haikomei katika kuunda istilahi. Yapasa pia kuchunguza istilahi hizo zinafika na maana gani masikioni mwa mama aliyeketi kwenye benchi la zahanati, na kumpa mhudumu wa afya maneno ya kueleza kundi la kulinganisha pasipo kumdharau anayeelezwa. Mfano wa shahidi wa upande wa pili unaweza kufaa, kwa kuwa hauhitaji tafsiri: mtu yeyote aliyewahi kusikiliza kesi anaujua.

10. Hitimisho

Makala haya yamesoma maandishi ya tiba kwa maswali mawili yaliyofichwa katika neno moja la Kiswahili. Carothers alishindwa swali la kwanza, na Kemron ikashindwa la pili. Katika hali zote mbili kosa lingeweza kuonekana mapema na msomaji makini asiyekuwa daktari, kwa kuwa lilikuwa kosa la nani anasema, nani ananyamazishwa, na tashbihi gani imeachwa ipite kama hoja.

Hospitali ya Mathari imebadilika. Sasa ni hospitali ya taifa ya rufaa na mafunzo, na madaktari wake ni Wakenya. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria iliyomhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu inakiuka Katiba. Kwa muda wote sheria hiyo ilipotumika, mtu mwenye huzuni ya kufisha alipoonekana na serikali, alionekana kama mshtakiwa. Hatua iliyobaki ni kumwona kama shahidi: kumsikiliza kwa lugha yake, kumlinganisha kwa haki, na kumrudishia matokeo. Pasipo hayo takwimu za afya zitaendelea kujazwa majedwalini, na mtu wa bondeni ataendelea kuuliza ni nani aliyeona.